Nimechora mchoro wa dhamira, mbona wanafunzi bado wanakariri?

*"Nafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu, darasa la wanafunzi 68. Tukifika kwenye maudhui nachora ubaoni duara lenye neno DHAMIRA, nalizungushia miguu kama buibui: ukombozi, usaliti, uonevu, haki, nafasi ya mwanamke. Wanaunakili vizuri, wengine kwa rangi. Mtihani ukija wanaandika orodha ileile, hata kwa kitabu ambacho hakina ukombozi wowote. Nikiwauliza usaliti ni nini, wananijibu 'ni dhamira'. Nimesoma kwamba wapo wanaojifunza kwa kuona na wapo wanaojifunza kwa kusikia, kwa hiyo huenda michoro inawafaa wachache tu. Mwalimu wa taaluma anasema napoteza vipindi, nirudi kwenye notisi. Nifanyeje?"*

Mwalimu mwenzangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika ni lile jibu la wanafunzi. Umewauliza usaliti ni nini, wakasema "ni dhamira". Mchoro wako waliusoma sawasawa. Ule mguu unaotoka kwenye DHAMIRA kwenda kwenye usaliti hausemi kingine isipokuwa kwamba usaliti umo katika kundi la dhamira. Hicho ndicho walichonakili, na ndicho walichokurudishia. Buibui yule ni orodha iliyokunjwa ikawa duara. Ungeandika 1 hadi 5 pembeni mwa ubao, wangejifunza kilekile.

Kwa hiyo usirudi kwenye notisi, maana notisi zitakupa orodha hiyohiyo kwa wino mwingi zaidi. Endelea kuchora, ila hamisha kazi kutoka kwenye maduara uipeleke kwenye mistari. Kila mstari uwe mshale, na kila mshale ubebe kitenzi. Mshale usio na kitenzi haujasema neno, na mwanafunzi akiuangalia hana cha kufikiri.

Kabla ya kuonyesha namna, niondoe mambo mawili yanayokusumbua bure.

Hilo la wanafunzi wa kuona na wanafunzi wa kusikia limeenea sana vyuoni na kwenye semina, na nimewahi kulifundisha mwenyewe. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, akiwemo Harold Pashler, waliupitia ushahidi uliokuwepo. Hawakukuta uthibitisho wa kutosha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda. Watu wana mapendeleo, hilo ni kweli. Lakini mchoro mzuri wa usaliti utawafaa wote 68, na mchoro mbaya hautamfaa hata yule anayesema anapenda picha. Usiligawe darasa kwa msingi huo.

La pili ni kuchanganya picha na mchoro. Walimu wengi wakitaka kufundisha haki huchora mizani. Mizani ni ishara, na kuielewa kunahitaji uwe tayari unajua haki ni nini. Mtoto ataona chombo cha dukani cha kupimia mchele. Mchoro ninaouzungumzia hauhitaji kufanana na kitu chochote. Unahitaji kuonyesha nani anahusiana na nani, na kwa namna gani.

Sasa tuingie kwenye kiini chenyewe, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyojua. Yatazame majina ya dhana unazofundisha: usaliti, uonevu, ukombozi, unyonyaji, udanganyifu. Karibu yote yametoka kwenye kitenzi, yakavikwa u- mwanzoni na kuingizwa katika ngeli ya U. Uonevu umetoka kwenye onea, ukombozi kwenye komboa, unyonyaji kwenye nyonya. Kila jina kati ya hayo ni sentensi nzima iliyokunjwa na kufichwa ndani ya neno moja. Ukisema "kuna uonevu katika tamthilia hii", aliyeonea amepotea, aliyeonewa amepotea, na njia iliyotumika imepotea. Limebaki jina linaloelea. Ndiyo maana mwanafunzi analishika kama mzigo wa kukariri. Hana pa kulikamatia.

Kazi yako ni kulikunjua. Nani anamwonea nani? Kwa kutumia nini? Ukishauliza hivyo, mchoro unajichora wenyewe: uonevu hauwezi kuwa duara moja, unahitaji angalau maduara mawili na mshale katikati. Mtu hawezi kuonea peke yake chumbani.

Kuna sababu ya kiakili inayofanya ubao usaidie. Tunapofikiri, ile sehemu ya akili inayoshika mambo kwa muda mfupi ina nafasi ndogo mno. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, mwaka 2001, alikadiria kuwa ni kama vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Fikiria mwanafunzi anayesoma riwaya. Ashike wahusika watatu, nani alimwahidi nani, nini kilitangulia, halafu juu ya hayo yote alinganishe na neno "usaliti". Amejaa kabla hajaanza kulinganisha. Ukiweka wahusika na matendo ubaoni, ubao unashika vile vipande, na akili yake inabaki huru kufanya kazi moja tu, ya kuuona uhusiano. Tena hadithi huja kwa mstari, neno baada ya neno, ukurasa baada ya ukurasa. Mchoro huyalaza pamoja matukio ambayo kitabuni yametenganishwa na sura nne.

Nichukue mfano mmoja niutumie hadi mwisho. Hadithi ya Fumo Liyongo wanaijua wengi, na utendi wake ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 bado unasomwa. Liyongo ni shujaa asiyeuawa kwa silaha za kawaida. Mfalme wa Pate anamwogopa na anataka afe. Anamwita mwana wa Liyongo na kumwahidi kumwoza binti yake akimuua baba. Kijana anakwenda kumuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua, naye anamwambia: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kijana anamvizia baba yake usingizini, anamchoma. Liyongo anaamka na jeraha, anachukua upinde, anakwenda kisimani na kupiga goti akiwa ameuvuta, na hapo anakufa. Watu wanaogopa kuchota maji kwa sababu wanadhani yu hai.

Chora maduara matatu tu: Mfalme, Mwana, Liyongo. Usiandike neno usaliti popote. Kisha waulize wanafunzi mishale, mmoja mmoja, na kila mmoja uupe namba, kwa sababu mchoro usio na namba hupoteza wakati. Wa kwanza unatoka kwa Mfalme kwenda kwa Mwana: *anamwahidi binti*. Wa pili, Mwana kwenda kwa Liyongo: *anamuuliza siri ya kifo chake*. Wa tatu unarudi, Liyongo kwenda kwa Mwana: *anamwamini, anamwambia*. Wa nne, Mwana kwenda kwa Liyongo: *anamchoma*. Mishale minne. Darasa lote linaweza kuisoma kwa sauti.

Sasa chukua dasta, maana somo liko hapa. Futa mshale mmoja na uulize: bado ni usaliti?

Futa mshale wa kwanza. Hakuna ahadi ya binti, kijana kamuua baba yake kwa sababu zake. Bado ni usaliti? Watabishana kidogo, kisha wengi watasema ndiyo. Kumbe ahadi ya mfalme ni *chanzo* cha usaliti huu, lakini haimo ndani ya usaliti wenyewe. Rudisha mshale huo, futa wa tatu. Liyongo hakumwamini, hakumwambia kitu, na siri ya sindano kijana kaipata kwa mganga. Kisha kamchoma. Ni nini hicho? Ni mauaji, tena ya kutisha, kwa sababu ni mtoto na baba yake. Lakini hapo utasikia minong'ono, "hapana mwalimu, kuna kitu kimepungua." Kilichopungua ni imani. Hapo ndipo mwanafunzi anagundua, bila wewe kumwambia, kwamba usaliti hauwezi kutokea mahali ambapo hakuna kilichoaminishwa. Waulize sasa kwa nini mfalme, aliyepanga kila kitu, tunamwita adui lakini hatumwiti msaliti. Watakujibu kwa mishale: hakuna mshale wa imani kutoka kwa Liyongo kwenda kwake. Na akitokea mmoja aliyesikia masimulizi ambamo mfalme na Liyongo ni ndugu, mpe chaki aje auongeze mshale huo, aone kinachobadilika.

Usiishie hapo. Utendi unaonyesha kwamba Liyongo alihisi kijana wake ametumwa, na hata hivyo akamwambia. Je, mshale wa tatu bado uandikwe "anamwamini"? Au uandikwe kitenzi kingine? *Anampenda*? *Anajitoa*? Nimeona kipindi kizima kikiisha kwenye kitenzi hicho kimoja, na sikukijutia. Mwanafunzi anayegombania kitenzi cha mshale anafanya uhakiki wa fasihi, hata kama hajatamka neno "maudhui".

Mwisho wa kipindi ndipo unaandika USALITI juu ya mchoro, na unawaomba watunge maana yake kutokana na mishale. Watafika mahali karibu na hapa: kuitumia imani uliyopewa kumdhuru aliyekupa. Kipindi kinachofuata wape hadithi nyingine kabisa, ngano ya Sungura na Fisi au kisa kutoka kitabu mnachosoma, na waulize kama mishale ile inakaa. Isipokaa, wasiandike usaliti. Hapo ndipo unapokata ile tabia ya kuona ukombozi katika kitabu kisicho na ukombozi.

Si kila dhana inakunjuka kwa urahisi huo. Haki, kwa mfano, haikutoka kwenye kitenzi kwa njia hiyo, na ukiichora kama duara la kati utakwama. Mimi huichora kama kitu kinachobebwa *juu ya* mshale: fulani anamnyima fulani haki, fulani anadai haki kwa fulani. Mara nyingi maduara yanakuwa matatu, mwenye kudai, mwenye kunyima na mwenye kuamua. Jaribu hivyo kwenye *Kusadikika* ya Shaaban Robert, kama mnayo. Wajumbe sita wanatumwa pande sita, yaani mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, na kila anayerudi na mafunzo ya kuinufaisha nchi anaishia gerezani. Chora mishale sita inayotoka na sita inayorudi, halafu andika kilichowapata waliporudi. Wanafunzi wanaona kwa macho kwamba ni jambo lilelile mara sita. Mtu mmoja akifungwa tunaweza kusema ni bahati mbaya. Sita wakifungwa, tatizo liko kwa anayefunga, na Karama, mshtakiwa anayejitetea mahakamani katika kitabu hicho, anaijenga hoja yake hivyohivyo.

Umoja nao umetoka kwenye namba, *moja*, kwa hiyo swali lake ni tofauti: ni nani walikuwa mbalimbali, na nini kimewafunga pamoja? Kwa hadithi yenye migogoro mingi, chora mara mbili, mwanzo wa hadithi na mwisho wake, na waulize ni mshale upi umegeuka.

Kuhusu dhamira, ujumbe na falsafa, ambavyo najua vinakusumbua hata kama hukuvitaja, sitakaa sana. Vitabu vya uhakiki havikubaliani neno kwa neno, na ni vizuri walimu wa Kiswahili shuleni kwako mkubaliane maana moja kabla wanafunzi hawajachanganywa. Ninachofanya ni kuviweka kama ngazi pembeni mwa mchoro. Chini kabisa ni tukio: *kijana anamchoma baba yake*. Juu yake ni dhamira, jina la uhusiano ule: *usaliti*. Juu yake ni ujumbe, na huo lazima uwe sentensi kamili yenye kitenzi. Juu kabisa ni falsafa, yale anayoyaamini mtunzi kuhusu binadamu. Mwanafunzi akitaja ngazi ya juu, mwambie ashuke hadi kwenye tukio. Akishindwa kushuka, amekariri.

Sasa sehemu ambayo walimu wengi tunaikosea, nami niliikosea kwa miaka. Nilikuwa nachora mchoro mkubwa, mzuri, wenye mishale na vitenzi vyote, kisha wanafunzi wananakili. Wiki mbili baadaye hawakumbuki kitu. Aliyefikiri darasani nilikuwa mimi peke yangu. Kisha kuna utafiti wa Jeffrey Karpicke na Janell Blunt, uliochapishwa mwaka 2011, ambao kila mpenda michoro anapaswa kuujua. Waliwalinganisha waliosoma andiko na kuchora ramani ya dhana huku andiko liko mbele yao, na wale waliosoma, wakafunika, wakajaribu kukumbuka. Waliofunika na kukumbuka walijifunza zaidi. Sidhani hilo linaiua michoro. Linatuambia kwamba kuchora huku unachungulia kitabu ni kunakili kwa njia nyingine.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu: soma, funga kitabu, chora kutoka kichwani, fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Marekebisho yale ya rangi nyingine ndiyo yanayokuonyesha wewe mwalimu nani hakuelewa wapi.

Kwa wanafunzi 68 huwezi kupitia kila daftari, na huna haja. Wagawe wanne wanne au watano watano. Kama hamna karatasi za manila za kutosha, tumia vizibo vya soda kama wahusika na vijiti kama mishale, juu ya dawati. Vizibo vina faida moja ambayo karatasi haina: vinasogea. Kundi likibadili mawazo linasogeza tu, halifuti. Wewe unapita katikati ukiuliza swali moja: "Mshale huu unasemaje?" Asiyeweza kuutamka ndiye wa kukaa naye.

Kisha, kwa ajili ya mwalimu wa taaluma, ambaye wasiwasi wake nauheshimu kwa sababu mtihani wa Kidato cha Nne hautamwomba mtoto achore, kila mchoro lazima uishie kwenye aya. Kila mshale unakuwa sentensi, na namba za mishale zinakuwa viunganishi: *kwanza, kwa sababu hiyo, licha ya hayo*. Badala ya "Dhamira nyingine ni usaliti. Usaliti umejitokeza sana katika jamii yetu", utapata kitu kama hiki: "Mwana wa Liyongo anapata siri ya kifo cha baba yake kwa sababu baba anamwamini, na anaitumia imani hiyo kumuua ili apate binti aliyeahidiwa na mfalme." Msahihishaji yeyote ataona tofauti. Mpelekee mwalimu wa taaluma aya mbili za mwanafunzi mmoja, ya zamani na ya sasa, badala ya kumweleza faida za michoro.

Nikuambie pia mahali ambapo mchoro utakuangusha. Ushairi hauchoreki kwa njia hii, isipokuwa ule wenye kisa. Mizani, vina, utamu wa sauti, kigugumizi cha msemaji, vyote vinataka sikio, na ukilikata shairi kuwa maduara umeliua. Kejeli unaweza kuigusa kwa mistari miwili, kinachosemwa juu na kinachokusudiwa chini, lakini ni lazima isomwe kwa sauti kwanza. Na mhusika mwenye utata hupungua akiwekwa ndani ya duara. Kwa hiyo baada ya mchoro rudini kwenye maneno ya kitabu, kila mara. Michoro miwili mitatu kwa kitabu kizima inatosha.

Mwisho, yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatatua. Ukiona mwanafunzi anaieleza mishale yote kwa mdomo vizuri, lakini kuandika aya moja ni mateso, herufi zinaruka, maneno yanakatika, usimwite mvivu. Mfikishe kwa mwalimu wa elimu maalumu au afisa elimu maalumu wa wilaya afanyiwe upimaji. Anayenakili mishale vibaya au kukunja macho akiutazama ubao apimwe macho hospitali kabla hujahukumu akili yake. Chaki nyekundu na ya kijani usizitegemee kutofautisha maana, kwa sababu wapo wasioziona kama rangi mbili. Mshale mmoja uwe wa mstari mzima, mwingine wa nukta nukta.

Na kuna hili, ambalo nakuomba ulichukulie kwa uzito. Dhana kama uonevu, ukatili na usaliti zikishakunjuliwa zikawa "nani anamfanyia nani", wapo watoto watakaojiona kwenye duara. Mmoja anaweza kuchora baba na mama badala ya mfalme na Liyongo, au akanyamaza ghafla. Usimuulize mbele ya wenzake, na usiubandike mchoro wake ukutani. Zungumza naye faraghani, mshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha, na ikionekana kuna mtoto anayeumizwa, muone afisa ustawi wa jamii au piga 116, namba ya simu ya kuwasaidia watoto, inayofanya kazi Tanzania na hata Kenya.

Wiki hii anza na hadithi moja na maduara matatu. Mwombe mwenzako wa idara akae nyuma ya darasa kwa kipindi hicho kimoja, aandike jambo moja tu: mara ngapi mwanafunzi ametamka kitenzi cha mshale kabla yako. Mkikaa baada ya kipindi, anzeni na namba hiyo.